Ndiyo Yangu na Aranjema Yao

Sifa, mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kujifunga kitambaa kichwani upepo wa ziwa ukianza, nimekwisha kukuambia kwa mdomo mpaka umechoka. Jana ulinicheka, ukasema nimekuwa kama redio. Hayo siyaandiki. Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nyumba imetulia, nami nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea jua likiwa bado juu. Kuna jambo moja ambalo mdomo wangu umelikataa tangu ulipokuwa mtoto wa mgongoni. Labda mkono utalikubali.

Nataka kukueleza kwa nini sikukujibu Jumapili.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mjomba wako Etabo alikuwa amevuka kutoka Kigoma kuja kutueleza jinsi atakavyokupokea huko ukienda kusoma. Tulikaa uani, sisi watatu, ugali wa bukari katikati, samaki wa ndagala na mboga ya sombe pembeni, na wewe ukawa unaongea kuliko kula. Ulikuwa unamsimulia mjomba yale unayokwenda kusomea, ukalimani, na namna mwalimu wako wa Kiingereza alivyowafundisha kufuata neno moja mpaka kwao lilikotoka, kama mtu anavyofuata kijito mpaka mlimani. Ukasema mlipewa neno ambalo hata sisi wa Baraka tunalo kila siku mdomoni: aranjema. Ukatutamkia jinsi Waingereza wanavyolitamka, arrangement, ukacheka mwenyewe.

Ulisema kwao lina maana nyingi. Kuweka viti sawasawa ni hilo. Kupamba meza kwa maua ni hilo. Kuandaa safari, kugawa wimbo kwa sauti, watu kupatana bila kwenda mahakamani, vyote ni hilo. Ukasema Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa wa zamani lilikuwa neno la vita, kuwasimamisha askari kwenye mistari kabla ya kupigana. Ndani yake kuna neno mstari. Na mstari huo nao, ukifika nyuma kabisa, kwa watu wengine wa kale wa kule Ulaya, haukuwa mstari bali mduara, watu wamesimama wamezunguka kitu. Ulipofika hapo ulichora duara kwa kidole hewani. Kisha ukanigeukia ukaniuliza, "Mama, si neno zuri?"

Mimi sikusema kitu. Mjomba wako aliacha kutafuna. Akanawa mikono ilhali sahani yake ilikuwa bado nusu, akasema anakwenda kuangalia boti, akatoka. Wewe ulidhani sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Uliionja tena, nilikuona.

Basi sikiliza.

Neno hilo mimi nililipata mara ya kwanza kwa baba yako, na nililipata likiwa tamu.

Tulikuwa kambini Tanzania. Nimekwisha kukusimulia habari za kambi, jinsi bibi yako alivyotuvusha vita ilipofika kwetu, na jinsi nilivyosoma shule ya huko. Hiki Kiswahili ninachokuandikia ni cha huko. Wilondja, papa yako, alikuwa kijana mwembamba wa kwaya ya kanisa, na sauti yake yenyewe haikuwa kubwa. Kazi yake ilikuwa nyingine. Mtu akileta wimbo, yeye alikuwa akiuchukua, anakaa nao kando, halafu siku ya mazoezi anawaambia wasichana waimbe hivi, wamama hivi, vijana hivi, na wanaume wenye kifua waende chini huku. Mkiimba kila mmoja peke yake mnaona kama anawapoteza. Mkiimba pamoja, ule wimbo uliokuwa kama kamba moja unakuwa mkeka. Nilimwuliza hiyo inaitwaje. Akaniambia, "Ni aranjema." Akanieleza kuwa ni kumpa kila mtu mahali pake ili asikike.

Nilimpenda kwa ajili ya hilo, Sifa. Wengine wanapenda mtu kwa sura. Mimi nilikuwa msichana ambaye nyumbani nilizoea kusemewa. Kaka yangu Etabo ndiye aliyekuwa akisema, "Sisi tunataka hiki, sisi hatutaki kile." Simlaumu kwa hilo. Baba yetu alikufa mapema na Etabo alibeba nyumba angali mdogo. Tulipokuwa tunakimbia, mimi nilikuwa mgongoni kwake. Mpaka leo nikimwona mgongo akiwa anatembea mbele yangu, kuna kitu ndani yangu kinalegea, hata baada ya yote nitakayokuambia. Siku ya posa yangu, wakwe walipouliza kama nakubali, nilimnong'oneza Etabo, naye akajibu kwa sauti. Nilimwambia baadaye, "Yaya, we njo kinywa yangu." Tulicheka wote wawili.

Ukitaka kujua kosa langu lilianzia wapi, ni hapo. Sikujua kwamba kinywa hakiazimwi.

Tulirudi Kongo watu walipoanza kurudi. Tulikaa Swima, kwa ukoo wa papa yako, akalima kidogo, akavua kidogo, na jioni alikuwa na kwaya. Wewe ulizaliwa huko. Etabo naye alikuja kukaa karibu nasi, akawa anatafuta kazi kwenye maboti. Wakati huo barabara ilikuwa mbaya kuliko sasa, na mtu akitaka kwenda soko la Baraka na mzigo, njia yake ilikuwa maji.

Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye boti. Jina lake sitaliandika. Alikwisha kufa, na wajukuu zake umesoma nao. Siku ile boti yake ilijazwa magunia ya unga wa muhogo na bidoni za plastiki za mafuta ya mawese. Papa yako alikuwa anakwenda Baraka kutafuta nyuzi za gitaa la kwaya. Nilimsindikiza mpaka ufukweni, wewe ukiwa mgongoni, umelala. Alikugusa unyayo, akapanda. Mimi nikarudi kuanika muhogo.

Yaliyotokea ndani ya boti niliyapata kwa Mama Feza, mwanamke muuza unga wa Swima aliyekuwemo. Alisema makoti ya kuelea yalikuwepo, yalishushwa pale pale ufukweni kwa sababu yalikuwa yanakula nafasi ya magunia. Alisema papa yako alimwambia nahodha kuwa maji yako karibu mno na ukingo, washushe mzigo kidogo. Nahodha akamwita tajiri, naye alikuwa amesimama mchangani. Tajiri akasema kwa mkono tu, hivi, waende. Wakaenda. Upepo uliwakuta walipokuwa wameshapita Mboko. Boti ilijaa upande mmoja, magunia yakahama, ikageuka.

Papa yako alikuwa anajua kuogelea. Alimtafutia Mama Feza bidoni tupu, akamshikisha, akamwambia asiiache hata ikimchana mikono. Halafu akarudi kule watu walikokuwa wanapiga kelele. Mama Feza hakumwona tena. Ziwa lilimrudisha baada ya siku kadhaa karibu na Nundu, na wavuvi wa huko walimfunika kwa tanga la mtumbwi wao mpaka watu wetu walipofika.

Sasa nafika kwenye neno.

Siku ya matanga mimi nilikuwa ndani, chini kwenye mkeka, katikati ya wamama. Wewe ulikuwa unanyonya. Nje wanaume walikuwa wameweka viti kwa kuzunguka: wazee wa ukoo wa papa yako, wazee wa kanisa, yule tajiri na watu wake, na Etabo kwa upande wetu. Nilisikia wanaongea kwa muda mrefu. Sikuwasikiliza. Mtu aliyefiwa anasikia sauti kama za watu walio chini ya maji.

Etabo aliingia. Alichuchumaa mlangoni, hakunisogelea. Akasema, "Dada, shiye bote huku inje tumeona tufanye aranjema. Unakubali?"

Mwanangu, mimi neno hilo nilikuwa na moja tu. Nilifikiri kwaya imefika. Nilifikiri wanauliza wimbo wa kumzikia, na niliona moyo wangu ukipata mahali pa kukaa kwa mara ya kwanza tangu habari ifike. Nikasema, "Ndiyo, yaya. Baimbe ile ya sauti nne, yenye alifanya ya Pasaka."

Etabo aliniangalia. Uso wake uko mbele yangu hivi ninavyoandika. Alifungua mdomo, ukabaki wazi kidogo. Nilidhani analia. Halafu akatazama chini, kwenye kizingiti, akasema, "Sawa, dada." Akainuka akatoka. Nilimsikia akiwaambia wanaume, "Amekubali."

Jioni tulimzika. Kwaya iliimba wimbo wa kawaida wa maziko, kwa sauti moja, kila mtu akiufuata kama alivyoweza. Nilishangaa. Nilisema moyoni, labda wamelemewa na majonzi, wameshindwa kuzigawa sauti bila yeye. Nikawasamehe.

Kesho yake wakaja watu wa tajiri na mbuzi, vitenge, na magunia ya unga. Nilidhani ni pole. Niliwashukuru kwa mikono miwili. Yule tajiri mwenyewe alinishika mkono akaniambia nina moyo wa Kikristo. Nikamwambia Mungu ambariki. Hilo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa natwanga, nikatwanga mpaka majirani wakauliza kama nina wageni.

Miezi ikapita. Mama Feza akaja nyumbani, mikono yake imepona lakini ina makovu. Akauliza kwa nini polisi hawajamwita. Alikuwa ameandikisha maneno yake Baraka siku zile za mwanzo, yeye na wengine waliopona, na waliambiwa wataitwa kusema mbele ya hakimu. Mimi nilikuwa sijui kuna hakimu. Nilikuwa sijui hata habari ya makoti. Ndipo aliponisimulia yote, tumekaa mlangoni, wewe unatambaa kati yetu. Alipofika kwenye ule mkono wa tajiri uliosema waende, nilisimama nikakuinua, nikakufunga mgongoni.

Tulikwenda Baraka pamoja. Yule ofisa wa polisi hakuwa mtu mbaya. Alitupa benchi. Akasema, "Mama, ile kesi iliisha. Familia ilifanya aranjema, na weye mwenyewe ulikubali."

Nikamwuliza, "Aranjema ya wimbo?"

Aliacha anachokifanya akanitazama. Mama Feza naye akanitazama. Nikarudia, kwa sababu nilidhani hawakusikia, kwamba mimi nilikubali kwaya iimbe. Ofisa yule alivua kofia, akaiweka mezani. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, kuwa aranjema ni pande mbili zimepatana nje ya mahakama, kila mtu amepewa chake, hakuna atakayemfuata mwenzake tena. Akasema kwamba kaka yangu alikuja na wazee, akasema mjane amekubali mbele ya mashahidi, kifo kilikuwa cha upepo na mapenzi ya Mungu. Basi wakafunga.

Barabara ya kurudi siikumbuki. Nakumbuka tu Mama Feza alikubeba wewe.

Nilimkuta Etabo ufukweni Swima. Alikuwa ndani ya boti, mpya, rangi bado inang'aa, na yeye ndiye alikuwa ameshika mashine nyuma. Nilikuwa nimeona hiyo boti wiki nyingi, na nilikuwa nimefurahi kwamba kaka yangu amepata kazi kwa tajiri. Kumbe haikuwa kazi tu. Watu walikuja kuniambia baadaye kuwa nusu ya boti ile ilikuwa yake. Kila mtu katika kile kiduara cha viti aliondoka na mahali pake.

Sikupiga kelele. Nilimwambia ashuke, akashuka, tukasimama maji yakitugusa miguu. Nikamwambia nimetoka polisi.

Akasema, "Ulisema ndiyo."

Nikamwambia, "Ulijua nilisema ndiyo ju ya nini."

Nilikuwa namngoja, Sifa. Nakuambia kweli, kama angesema hapo kwamba alikosa, kwamba aliogopa, kwamba alimezwa na wale wazee, ningelia naye pale majini tukarudi nyumbani pamoja. Lakini alisema, "Batu bote balisikia ndiyo. Wimbo, hakuna mutu alisikia."

Ni hayo tu. Halafu akapanda boti.

Nimefiwa na baba, nimefiwa na mume, nimekimbia vita. Hayo yote yaliniuma mahali ambapo mtu anatarajia kuumia. Hili lilinipata pale ambapo sikuwa nimefunika kitu. Adui anakuvunjia mlango. Yeye niliyempa ufunguo aliingia akatoka, na mlango ulibaki mzima hivi kwamba hakuna jirani aliyejua kuna kitu kimechukuliwa.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Walisema Wakristo hawapelekani mahakamani, na kwamba amani imekwisha kupatikana, kwa nini niivuruge. Nilikwenda kwa wakwe zangu. Mama wa papa yako alilia nami, lakini wanaume walisema mbuzi amekwisha kuliwa. Mama Feza alikuwa tayari kusema popote, mpaka leo yuko tayari, ila hapakuwa na pa kusemea. Basi nikafunga vitu, nikakufunga mgongoni, nikahamia hapa Baraka, nikaanza na beseni moja la ndagala. Uliponiuliza ukiwa mdogo kwa nini hatukai Swima penye mashamba ya kwenu, nilikujibu kwamba Baraka kuna shule.

Miaka kadhaa Etabo hakukanyaga hapa. Alivuka akaanza biashara zake Kigoma. Halafu siku moja akaja na viatu vyako vya shule. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza, unakwenda peku, na ulivivaa ukazunguka navyo uani unapiga miguu chini ili usikie vinavyolia. Ukamkumbatia mguu. Ukamwita mujomba. Mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi, na sikuweza kukuvua viatu vile.

Kutoka hapo unajua mwenyewe. Kila alipovuka alikuja. Alikuja siku ya ubatizo wako, alikuja ulipomaliza shule ya sekondari, alipiga makofi kuliko baba wote waliokuwepo. Nilikuacha umpende. Sikukudanganya, lakini nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimfaa yeye kuliko mimi. Nilijiambia kwamba mtoto asiye na baba anahitaji walau mwanaume mmoja wa kumsimamia. Huenda ilikuwa kweli. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua na za bei ya samaki. Hatukuwahi kurudi kwenye yale maji.

Mpaka Jumapili, ulipochora duara lako hewani.

Wewe ulikwenda kuosha sahani. Mimi nilimfuata. Alikuwa hajafika kwenye boti, alikuwa amesimama pale wanapoanika nyavu, mikono mgongoni, na kwa nyuma niliona amezeeka. Akasikia hatua zangu, hakugeuka.

Akauliza, "Ulimwambiaka mutoto?"

Nikasema bado.

Akageuka sasa. Alikuwa na machozi, sitakuficha hilo, na mimi sijui hata leo yalikuwa ya nini. Akasema, "Basi tupange, dada. Nitamuchunga sawa mutoto wangu. Masomo, kulala, kula, yote iko juu yangu mpaka amalize. Weye unyamaze tu, vile umenyamaza."

Tupange. Sisi nasi tunalo letu, mwanangu. Mwalimu wako angeweza kulifuata hili pia. Tunapanga sahani kabatini, mtu anapanga chumba kwa mwenye nyumba, na watu wanaweza kukaa chini wakampangia mwenzao. Nilisimama nikalisikia neno hilo lote, na maana zake zote, na safari hii sikuchagua ile tamu.

Nikamwambia aseme kwa kinywa chake kile anachoniomba. Asiseme tupange. Aseme.

Kulikuwa na wamama wanageuza ndagala juani karibu yetu, tukangoja wasogee. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Unakubali tumufiche Sifa vile papa yake alikufa?"

"Hapana, yaya," nikamwambia.

Hakubishana. Aliuliza kama basi asikupokee tena. Nikamwambia hilo siwezi kumjibu mimi, kwa sababu hanipokei mimi wala hanipeleki shule mimi, uulizwe wewe mwenyewe. Akavuka Jumanne asubuhi. Ulimpungia mkono ukiwa ufukweni, naye alikupungia, na hakukuambia kitu. Kwa hiyo nimeandika.

Nimeuliza habari za boti ya kesho. Si yake. Haijajazwa sana, nimekwenda kuiona, na koti la kuelea nimekuombea, utalivaa hata wasichana wenzako wakikucheka. Najua nilisema siandiki mambo ya hivyo. Hili moja nimeshindwa kuliacha.

Kuhusu kazi unayokwenda kujifunza, mimi si mwalimu wako. Ila utakuwa mtu wa kukaa kati ya watu wawili wasioelewana, na watakuamini kwa sababu hawana njia nyingine. Atatokea mama mmoja, au mzee, ataulizwa neno kubwa, naye ataitikia. Utamwona usoni kwamba ameitikia kitu kingine. Wengine wote watakuwa na haraka, kalamu ziko mkononi. Mimi nilikuwa mama yule, na aliyeniona usoni alikuwa mmoja tu. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha.

Usidhani nakutuma uende ukamchukie. Chuki ni kazi nzito na wewe unakwenda kusoma. Viatu vile alikununulia kweli. Makofi yale alipiga kweli. Na papa yako angeweza kupata haki yake, na aliyeizima ni yeye. Nimejaribu miaka yote kuyaweka haya kwenye sahani moja, hayakai. Labda wewe utaona njia ambayo mimi sikuiona. Labda hakuna.

Mimi sijamsamehe. Kanisani nimesimama mara nyingi nikasema sala ile na wenzangu, nikifika kwenye maneno ya kusamehe nafunga mdomo, nangoja wapite, halafu naendelea nao. Mungu ananiona. Sijui kama ananielewa, lakini sitaki kumwambia ndiyo nyingine ambayo siyo.

Ukifika Kigoma atakuwa amesimama pale boti zinapofunga. Ameandaa chumba, mke wake amekufulia mapazia. Hilo aliniambia kwa fahari kabla hujaanza habari zako za neno. Mama Feza naye ana binti yake aliyeolewa pale mjini, nimemtumia ujumbe, amesema nyumba yake ni ndogo lakini mkeka wako upo. Hajui sababu. Nilimwambia tu kwamba huenda ukaja na huenda usije.

Uende kwa mjomba wako, ukae naye, ule naye, umwulize au usimwulize. Au umpite pale ufukweni na mzigo wako kichwani. Au umsalimie kwa heshima, kwa sababu ni mkubwa wako, halafu uende kwa binti wa Mama Feza. Nimekaa hapa mchana wote nikitaka kukuchagulia, na mara mbili nimeandika jibu, nikalifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka, kama unavyoona hapo juu.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya nguo zako, usije ukafika kwanza ndipo uione. Isome ukiwa bado kwenye maji, nchi kavu ikiwa mbali pande zote mbili, na pasiwe na mtu wa kukuharakisha. Atakapokunyoshea mkono akushushe, utakuwa unajua anayekunyoshea ni nani, na utakachomjibu kitakuwa chako. Mimi sikumjibu chochote kwa jina lako.

Mama yako,
Apendeki